Kina Mama wa Suji na Tikiti za Nusu Bei

Siku yangu ya kwanza kazini, katika boma la Same enzi za Mwingereza, nilikaa ukingoni mwa kiti mpaka mguu ukafa ganzi. Nilikuwa na madarasa machache tu ya misheni, na niliona wazi kwamba watagundua elimu yangu haitoshi. Bibi Maendeleo, Mzungu aliyesimamia mafunzo ya kina mama, alinifanya msaidizi wa kisomo, yaani kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Akanipeleka Suji, kijiji cha milimani Upareni.

Darasa lilipomaliza kitabu cha kwanza, aliniita.

"Wapeleke Tanga wakaone mchezo wa kuigiza. Waume zao wamekubali kwa shida. Akibaki mmoja nje, darasa limekufa. Umenisikia?"

Nilimsikia, na hakukosea. Ndani ya treni sikula kitu.

"Mwalimu, umenuna kama aliyeibiwa kuku," alisema Mama Nakundwa, mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote.

Ukumbini walikuwa na tikiti za nusu bei kwa vikundi vya kisomo na wazee wa mji. Ziliuzwa asubuhi tu, kwenye kidirisha cha pembeni, mpaka ziishe, na fedha zetu zilitosha hizo tu. Tulifika mapema, tukawa wa kwanza. Nikawaacha kwenye foleni, nikaenda kwa msimamizi wa ukumbi kuthibitisha kwamba sisi ni darasa. Niliporudi niliwakuta mkiani.

"Mbona mko huku?"

"Walikuja wazee, mwalimu," alijibu Nanzia, mdogo wao. "Tukawaamkia, tukawapisha. Kumbe Tanga ina wazee!"

Ningewagombezaje? Kwetu, kisimani na hata mlangoni pa kanisa, mzee hasimami nyuma yako. Nadhani nami ningewapisha.

Tulipofika dirishani, karani alitikisa kichwa.

"Za nusu bei zimekwisha, dada."

"Tumetoka Upareni!"

"Hata mngetoka Ulaya."

Hakuwa na jeuri. Alinionyesha kisanduku kitupu. Za bei kamili zilikuwepo, lakini tungeweza kununua za nusu yetu tu. Nani aingie, na nani nimrudishe kwa mumewe hajaona kitu?

"Baba," Mama Nakundwa alimwuliza karani, "hao wachezaji katikati wanapumzika?"

"Wanapumzika."

"Basi sisi tuone mwanzo, wenzetu waone mwisho."

Nilimwuliza karani kama inaruhusiwa. Akajikuna shingo. "Mwenye tikiti anaingia. Jina lake sijaagizwa kuuliza."

Wakati wa mapumziko kundi la Mama Nakundwa lilitoka, likatukabidhi vipande vya tikiti mimi, Nanzia na wengine tuliobaki nje. Bawabu alitukazia macho.

"Ninyi ndio mliotoka sasa hivi?"

"Sisi ni wa Suji," alisema Nanzia, na hilo lilikuwa kweli. Akatupisha. Mchezo wenyewe niliuona kwa shida, nikingoja mkono wa bawabu begani.

Ndani ya treni ya kurudi ndipo vita vilipoanza. Sisi tulikuwa tumeona mfanyabiashara mmoja akipelekwa kifungoni, tukapiga makofi.

"Mmemfunga mtu mwema!" Mama Nakundwa aliruka. "Mwanzoni alilisha mayatima!"

"Mwizi yule, mama! Tumemwona!" alijibu Nanzia.

Walibishana mpaka Same.

Kesho yake Bibi Maendeleo aliuliza, "Waliingia wote?"

"Ndiyo, memsahib. Ila si kwa wakati mmoja."

Nikamweleza yote, nikingoja kufukuzwa.

"Rudi Suji," alisema. "Wakija darasani, unabaki na kazi yako."

Nilipanda mlima, nikafungua darasa. Walikuja wote. Nyuma yao walisimama waume wawili, wakitaka kujua kama yule mfanyabiashara alikuwa mwema au mbaya.

Baadaye nilihamishiwa Shighatini, nikatumikia wakubwa wengi, wakali na wapole, mpaka nikastaafu. Kama nilikuwa mwalimu mzuri, sijui. Ninyi mnaoanza kazi msinichukue kuwa kipimo. Nanzia sasa ana wajukuu, naye husema bila wasiwasi kwamba yule mtu alikuwa mwizi. Mimi humwambia hatuwezi kujua. Mwanzo hatukuuona.