Mtoto Niliyempa Jina la Kaisari

Siku tuliyompa mzaliwa wangu wa kwanza jina, nyumbani kwa baba pale Nateete, naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Nisikilize, mwanangu, maana siku ile nilijiona shujaa.

Baba alikuwa polisi mstaafu na mzee wa kanisa. Tulitoka kaskazini, na Kiswahili cha kambi za polisi ndicho kilichotulea. Bibi, mama yake baba, alikuja kukaa nasi na kibuyu chake na shanga za kuombea mizimu ya kwao. Nilipokuwa na miaka tisa, baba alivichoma vyote uani. Bibi hakulia. Ila tangu hapo hakula tena meza moja na mwanawe. Sahani yake aliipeleka jikoni.

Nilimwonea uchungu miaka yote. Kisha, nikiwa sekondari huko Mengo, nikasoma habari za Juliani, kaisari wa Roma aliyelelewa Mkristo, akaiacha dini hiyo na kufungua tena mahekalu ya miungu ya zamani. Nilimpenda mno! Nilimwona kama mtu wa upande wa bibi. Ujana una haraka ya kupata mashujaa, mwanangu.

Basi mke wangu Nafula, Mkenya aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni, alipojifungua mtoto wa kiume, nikasema ataitwa Juliani. Baba akafurahi, akidhani ni jina la mtakatifu. Nikamwacha adhani hivyo. Siku ya karamu, matoke yakiwa mezani na wazee wa kanisa wameketi, nikasimama na kueleza jina lile ni la nani. "Namheshimu," nikasema, "kwa sababu yeye alirudisha walichoharibu wengine."

Hakuna aliyegusa chakula. Nafula alinitazama kama hanijui. Hata yeye sikuwa nimemwambia. Baba akauliza taratibu, "Unanisema mimi?"

"Nakusema wewe, mzee."

Kumbe bibi alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi huyo mfalme simjui," akasema. "Uliniuliza kama namtaka? Mimi nilitaka mwanangu aniambie pole, basi. Sasa wewe umechukua ugomvi wetu, umembebesha mtoto hata meno hana."

Nikakaa kwa aibu. Aliyeinuka ni baba. Yule mtu mkali, mbele ya wazee wenzake, akapiga magoti miguuni pa mama yake. "Mama, pole. Vilikuwa vitu vyako. Sikuwa na ruhusa."

Bibi akamwekea mkono kichwani, akauacha pale muda mrefu. "Inuka," akamwambia, "watu wana njaa." Kisha akavuta kiti, akakaa karibu naye.

Jioni nilimwomba baba radhi, kisha Nafula, ambaye alikawia kunisamehe, na alikuwa na haki. Jina hatukulibadilisha. Juliani sasa ni muuguzi, ana watoto wake, na hasira yangu hakuirithi.

Baadaye nilisoma zaidi. Ndugu wa kaisari yule waliuawa yeye angali mdogo, na waliowaua walijiita Wakristo. Nikamhurumia. Bado namheshimu kwa kuthubutu kushika alichokiamini. Lakini yeye naye aliwazuia walimu Wakristo kufundisha, akawaumiza watu ambao hawakumkosea lolote.

Kwa hiyo, mwanangu, mheshimu unayemtaka, awe wa kanisani, wa msikitini au wa mizimu ya kale. Ila mtu wa nyumbani kwako akionewa, usikimbilie kumtafutia mtetezi vitabuni. Nenda ukae naye, umuulize anataka nini. Huenda anataka neno moja tu, na mwenye kulisema yuko chumba cha pili. Na wewe ukikosea, usingoje karamu.

Mungu akupe ulimi wa kuomba radhi mapema, akupe wazazi wenye masikio, na watoto wako wasibebe chochote ulichoshindwa kukisema.