Nilivyoziba mgongo wa spika kwa unga wa biriani, Msambweni, miaka ya hamsini

Wakuu, salamu kwenu. Wakubwa zangu shikamoo, ingawa sidhani kama kuna aliyebaki humu. Nyinyi wengine nasubiri zenu.

Juzi kuna mwenzetu kauliza azibe vipi mfuniko wa nyuma wa boksi la spika alilojitengenezea, upepo usivuje, na bado aweze kuufungua. Mmempa silikoni, mmempa sponji, mmoja kamwambia akanunue spika ya dukani.

Mimi jibu ninalo, ila lina kisa. Ni kweli tupu. Chumvi iliyomo ni ya biriani.

Nilikuwa kijana wa Diani, na nilikuwa nimeunda boksi la mbao za mvule. Spika niliitoa kwenye redio kuukuu niliyoinunua Mombasa, baada ya kuvutana bei na muuzaji hadi akaniuliza kama kwetu kuna mgonjwa.

Ukichomeka gramafoni kwenye redio ya betri ya gari, ukavuta waya hadi kwenye boksi langu, mtaa mzima unasikia.

Tatizo lilikuwa mgongo. Waya za ndani zilikuwa zikilegea, kwa hiyo lazima mfuniko wa nyuma ufunguke. Na kwa kuwa unafunguka, ulivuja. Besi ikipiga, mbao zinatetemeka, unasikia nyigu ndani ya kopo.

Wakati huo nilikuwa namtaka Mwanaidi wa Msambweni. Wazazi wake hawakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa bibi yake, Bi Mwanasha. Nilipokwenda kumwamkia akaniambia:

"Harusi ya mjukuu wangu mkubwa, lete hilo sanduku lako. Likiimba, tutazungumza. Likikoroma, ulibebe urudi nalo kwenu, na posa yako uitie humo humo."

Nikamwendea mjomba wangu Hamisi. Kazi yake ilikuwa kutia kalafati, yaani kuziba nyufa za mashua kwa pamba iliyolowa mafuta ya papa.

Akalitazama boksi akacheka. "Kinachozuia bahari kitashindwa na upepo, mpwa wangu?"

Hoja ilinifaa, hasa kwa kuwa hakutaka malipo. Tukakaza skrubu, tukashindilia pamba kwa patasi pande zote. Hapakuvuja hata pumzi.

Swali ambalo sikuuliza ni hili: mashua, nani huifungua mgongo?

Siku ya harusi boksi likawekwa uani, upande wa kina mama. Nyimbo mbili za kwanza, safi. Watu wanacheza.

Ila paka wakaanza kuja. Wa kwanza akanusa mgongo wa boksi, akajilaza hapo. Kisha jamaa zake. Shangazi mmoja akaniuliza, "Baba, humo umefuga papa?"

Wimbo wa tatu, kimya. Waya umelegea.

Nikatoa skrubu zote. Mfuniko haukutikisika. Bi Mwanasha akaja, mikono kiunoni.

"Limelala?"

"Linapumzika, Bibi."

"Na wewe utakwenda kupumzika kwenu."

Nikaung'oa kwa patasi. Ulitoka, lakini kingo zimemeguka na pamba imechambuka yote. Waya nikaukaza. Nikajua nikirudisha mfuniko hivyo hivyo, nyigu wale wanarudi, na Mwanaidi ndiyo basi.

Kugeuka, nikaona jikoni. Sufuria ya biriani imepaliwa makaa juu, na ukingo wa kifuniko umezungushiwa unga uliokandwa, mvuke usitoke. Kitu nimekiona tangu utotoni. Na kufungua kwake, unabandua tu.

"Bibi, naomba donge la unga."

"La nini?"

"La kuziba."

"Unga huu una kazi yake."

"Basi nusu donge."

"Hapa ni harusini, si sokoni."

"Robo, Bibi, na paka wote nawaondoa."

Akawatazama wale paka, ambao sasa walikuwa wanaitazama nyama yake. "Chukua. Lakini ni mkopo."

Pamba nikaitupa nje ya ua, paka wakaifuata. Unga nikausokota kama kamba, nikauzungusha ukingoni, nikarudisha mfuniko. Nikahesabu skrubu: kumi na moja. Nikahesabu tena: kumi na moja. Ya kumi na mbili nilikuwa nimeibana kwa meno.

Likaimba, wakuu. Besi nene, haina nyigu, mpaka biriani ikapakuliwa.

Bi Mwanasha hakunisifu. Alikuja akapitisha kiganja nyuma ya boksi, kama anavyopima sufuria inayovuja mvuke, akarudi jikoni.

Wazee wangu walipokwenda kuposa, nilikuwa nimewafunza kupunguza kila kitu kwenye mahari. Walipunguza, na kila kitu kilishuka. Mwisho likaja neno kutoka nyuma ya pazia:

"Na donge langu la unga. Hilo halipungui."

Nililipeleka mwenyewe, limefunikwa kawa. Akalibonyeza kwa kidole. "Dogo." Nikarudi kuongeza.

Funzo kwa yule ndugu: kalafati ni ya kitu usichorudi kukifungua. Mfuniko wa spika uwekee kitu laini kinachobonyea kati ya mbao na mbao, kisha skrubu ndiyo ikaze. Leo sponji inatosha. Ukitumia unga, ubandue siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa, asubuhi kuku wa Msambweni wakanibandulia.

Na usipatane bei na mwenye jiko.

Wenye njia nyingine wekeni hapa, nasoma zote. Mwanaidi naye anasoma, kasimama nyuma yangu. Anasema nisiwadanganye, hata la pili lilikuwa dogo.