Shafti ya Pikipiki ya Bwana Mifugo

Vijana, siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali, Singida mjini, Msimamizi wa karakana hakuniuliza cheti. Alinipa boliti na nati yake, akaniambia nifumbe macho nizifunge.

"Nati ikikataa vidole, usiipe spana," alisema. "Ukiilazimisha imekaa upande, unakata uzi."

Uzi ni ile mifereji inayozunguka boliti au ncha ya shafti, nayo ndiyo inayoishika nati. Mimi nilikuwa kijana wa Kinampanda, mkono wangu ulijua jembe tu. Nilijifunza.

Wakati ule watu walikuwa wanahamia vijiji vya Ujamaa, na mabwana shamba na mabwana mifugo walivifuata kwa pikipiki. Vipuri vilikuwa haba. Sehemu iliyotusumbua sana ni sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta mnyororo. Linakaa kwenye shafti inayochomoza kutoka kwenye injini, na linazuiwa na nati moja tu.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini Bwana Mifugo mmoja alipoanguka na pikipiki njia ya Shelui. Nati ilichomoka, sproketi ikatoka, mnyororo ukajisokota, tairi la nyuma likakwama. Akavunjika mfupa wa bega. Daftari la karakana lilionyesha kwamba sproketi ile niliifunga mimi, wiki mbili kabla.

Neno "hujuma" siku zile lilikuwa jepesi mdomoni na zito mgongoni. Kufikia adhuhuri kila fundi alikuwa amefunga sanduku lake la spana kwa kufuli. Nikiingia chai, mazungumzo yanakatika.

Niliomba niitengeneze pikipiki ile mwenyewe. Uzi wa shafti ulikuwa umeliwa kabisa upande wa nje. Nikazungushia matambara mabichi pale shafti inapotokea, joto lisiunguze mpira unaozuia oili. Nikajaza shaba ya kuchomelea juu ya uzi uliokufa. Halafu, mnyororo ukiwa umetolewa, nikawasha injini, nikatia gia ya kwanza ili shafti ijizungushe yenyewe, nami nikaishikia tupa taratibu mpaka ikawa duara. Mwisho nikazima, nikakata uzi mpya kwa dai, kile chuma cha mviringo chenye meno ndani, robo mzunguko mbele, kidogo nyuma, oili, tena.

Kisha nikaichunguza nati ya zamani, iliyookotwa pale alipoanguka. Kwenye pembe zake kulikuwa na alama za patasi. Mimi sikuwahi kuifunga nati kwa patasi. Mtu mwingine aliigusa baada yangu.

Nikaipeleka mbele ya kamati iliyoundwa kuchunguza ajali ile. Msimamizi aliigeuza mkononi.

"Patasi ziko kwa nani?"

"Stoo, Mzee."

Nilisema hilo tu, wala halikuwa uongo. Lakini nilijua litakakofika. Mtunza stoo alikuwa Ramadhani, Mnyaturu wa Ikungi, mtu mkimya ambaye wiki ile nzima alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni. Niliamini kabisa ni yeye. Kabla mwezi haujaisha alihamishiwa Rungwa, kulinda ghala pembezoni mwa pori. Hakuniaga.

Mimi nilipanda cheo. Nilipelekwa Kiomboi, kisha Manyoni, mwisho nikarudi Singida nikiwa Msimamizi. Nilistaafu kwa heshima. Siku ya kuniaga alikuja Bwana Mifugo, mzee sasa, bega lake moja limeshuka.

"Kuna neno limenikaa," aliniambia tukiwa wawili. "Ile nati niliifungua mimi. Kule Shelui, kwa fundi baiskeli. Nilitaka sproketi yenye meno machache, ili pikipiki ipande mlima Sekenke na mzigo wa chanjo. Hakuwa na spana yake, akagonga kwa patasi; ile mpya haikuingia, akarudisha ya zamani. Niliogopa kusema nimechezea mali ya serikali."

"Na Ramadhani?"

"Nilisikia amehamishwa. Niliacha iwe hivyo."

Wiki iliyofuata nilisafiri hadi Rungwa. Nilimkuta Ramadhani amebaki hukohuko, anafuga nyuki. Alinitambua kabla sijashuka vizuri kwenye lori. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: patasi, stoo, Bwana Mifugo. Nikamwomba radhi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akasogeza kigoda.

"Kaa," alisema. "Mimi nilikutaja kabla hujanitaja. Kwa woga nilimfuata Msimamizi nikamwambia nimekuona ukiifungua ile pikipiki. Sikukuona. Yeye hakuniamini tu."

Nilikaa. Vijana, nilikwenda Rungwa na radhi ya kuomba, nikakuta na nyingine ya kutoa. Ya kuomba niliimaliza nikiwa nimesimama. Ya kutoa ilinichukua siku tatu.