Mtani Asiyejua Kutukana

Mzee Fidelis Chilumba hubisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Si mzaha. Jioni akitoka kwenye cherehani yake husimama kizingitini, huvua kofia, na kusema hodi mara tatu kwa sauti ya mtu aliyekuja kuposa. Mkewe, Dativa, akiwamo humwitikia. Asipokuwamo, na ufunguo uko mfukoni mwa mzee, atabisha vilevile, atangoja kidogo, ndipo afungue. Ukimuuliza sababu atakuambia nyumba isiyobishiwa hodi ni zizi. Kilwa Kivinje nzima ilimkubalia, maana ni vigumu kubishana na mtu aliyekuvulia kofia.

Wa kubishana naye alikuwa mmoja tu, na huyo walitazamana naye mlango kwa mlango, njia ya mchanga katikati. Jina lake Nurdin Mpili, mkaanga pweza. Kila Fidelis alipobisha hodi, kabla Dativa hajafumbua kinywa, Nurdin alipaza sauti kutoka barazani kwake: "Hakuna mtu! Rudi kwenu Milola!"

"Asante, bwana Nurdin," Fidelis alijibu, akaingia ndani.

Hivyo ndivyo walivyozeeka.

Msije mkadhani Nurdin alikuwa mkorofi. Alikuwa akitimiza wajibu. Ukoo wa Chilumba, Wamwera wa Milola, na ukoo wa Mpili wa Kiranjeranje ni watani tangu mababu. Chanzo hakuna anayekijua. Wengine husema njaa, wengine vita, na mmoja aliwahi kusema kuku. Lakini sheria zake kila mtu anazijua. Mtani ana ruhusa ya kukutukana hadharani, na ana ruhusa ya kukupokonya kitu mkononi akaenda nacho. Siku ya msiba ni yeye anayewachekesha wafiwa: atatembea mwendo wa marehemu, ataanika visa vyake, na jeneza likitaka kutoka atalala mlangoni mpaka apewe chochote. Na ukitukanwa na mtani sharti urudishe. Asiyerudisha ni sawa na mtu aliyeamkiwa shikamoo akanyamaza.

Hapo ndipo Fidelis alipopungukiwa. Marehemu mama yake, Rosalia, alimlea kwa fimbo na methali moja, kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na vyote viwili vilimwingia. Alikuwa fundi cherehani ambaye akimpima mwanamke hutazama dari, na ndiyo maana baadhi ya magauni yake hubana. Hali chakula njiani, hata karanga. Siku moja bodaboda ilimkanyaga mguu pale stendi, yeye akamwomba dereva radhi. Watu walimheshimu sana, na nadhani walimchoka kidogo.

Nurdin alijaribu kila mbinu kumtoa tusi. Kwenye harusi ya Benadetha, binti wa Fidelis, alikalia kiti cha baba wa bibi harusi akadai yeye ndiye mzazi, huyu mwingine ni mpagazi wake. Fidelis akasimama sherehe nzima, akiwapungia watu mkono. Mwaka mwingine alimvua kofia yake ya pama, ile ya Jumapili, Fidelis akitoka kanisani, akawa anaivaa akikaangia pweza mbele ya wateja. Fidelis alipita, akatazama kofia yake ikipigwa moshi, akasema, "Imekukaa vizuri, bwana Nurdin." Akaenda kutafuta nyingine.

"Mtani wangu ananionea!" Nurdin alikuwa akilalamika kwa yeyote aliyesimama kununua kipande. "Namtukana, ananishukuru! Mimi nimekosa nini kwa Mungu?"

Watu walicheka. Nurdin mwenyewe alicheka kwa sauti kuliko wote, ingawa walikuwapo waliosema kwamba baada ya kucheka alikuwa akitazama ule mlango wa ng'ambo kitambo.

Basi alfajiri moja ya masika Nurdin hakuamka. Hakuugua, hakulalamika, mkewe alimwita kwa sala akamkuta ametulia.

Habari ilivuka njia kabla ya chai. Fidelis alikaa kitandani akiwa amevaa kiatu kimoja, akauliza mara mbili, "Nurdin yupi?" kana kwamba Kivinje ilijaa kina Nurdin wa kuchagua. Kisha akavaa koti, akapiga pasi suruali ambayo ilikwisha pigwa pasi, akaenda kukaa mkekani pamoja na wanaume. Mazishi yalipangwa baada ya sala ya adhuhuri.

Watani wa Milola walitoka kwao mapema na gari la kukodi. Kulikuwa na wapwa wa Fidelis wanne, mafundi hasa wa shughuli hiyo. Mmoja wao aliwahi kumchekesha mjane mpaka akaomba maji. Lakini saa nne simu ikalia. Mto umefurika, maji yamepita juu ya daraja, gari limegeuza.

Aliyepokea simu ile ni Kazija, dada yake Nurdin, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuvukisha ng'ombe mto. Alikuwa akiishi na kaka yake tangu alipofiwa na mumewe. Alitoka uani, akawakanyaga wanaume miguu bila kuomba radhi, akasimama mbele ya Fidelis.

"Mmwera, wenzako wamekwama. Umebaki wewe."

Fidelis alisimama haraka, akavua kofia. "Dada Kazija, pole sana kwa msiba huu mzito. Kwa kweli sisi sote..."

"Pole nimeshapewa na mji mzima. Wewe nipe matusi."

"Dada Kazija..."

"Ndugu yangu atolewe ndani kama gunia la mihogo? Hana mtani? Baba yetu alipozikwa, mjomba wako alilala mlangoni mpaka akapewa jogoo. Leo Mpili anatoka, Chilumba amekaa na koti. Watu watasema nini Kiranjeranje? Watasema Nurdin alikuwa mtu gani, hata wa kumsema vibaya hakumpata?"

Wanaume wote mkekani walimtazama Fidelis, na shehe naye alimtazama. Fidelis alijua vizuri sana jambo linalotakiwa, na alijua kwamba kutolifanya ni utovu wa adabu, yeye aliyewafundisha adabu watoto wa mtaa mzima. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola. Akapiga hatua mbili mbele, akakohoa.

"Ndugu waombolezaji," alianza. "Marehemu, pamoja na mema yake mengi, alikuwa na... tuseme... upungufu."

Watu wakasogea. Tumaini likaonekana.

"Pweza wake, mtanisamehe, mara mojamoja alikuwa mgumu kidogo." Alifikiri. "Lakini huenda ni meno yetu."

Bibi mmoja aliyekuwa hasikii vizuri akaitikia, "Amina."

"Loo!" Kazija alipiga kofi. "Nimeomba mtani, nimeletewa mgeni rasmi anasoma risala!"

Hapo palichekwa, lakini kicheko kilikuwa cha kumcheka Fidelis. Aliinamisha kichwa, akawaomba radhi wote waliohudhuria, akavuka njia kwenda kwake. Alitembea polepole. Kukimbia mbele za watu si adabu.

Mlangoni kwake akafanya kama kawaida yake. Akavua kofia. Hodi. Akangoja. Hodi. Akangoja. Hodi.

Dativa hakuwamo, alijua. Alikuwa kwa wafiwa akimenya vitunguu. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Lakini hakuutoa. Alisimama pale, sikio limeelekea mgongoni, ng'ambo ya njia, akiingoja ile sauti imwambie arudi kwao Milola. Alingoja mpaka akajishangaa. Barazani kwa Nurdin palikuwa na watu wengi, na hakuna aliyempigia kelele.

"Unafanya nini hapo?" Ni Dativa, amemfuata, kisu cha vitunguu bado mkononi.

"Siwezi, mama Benadetha. Ulimi wangu haujui njia hiyo. Mama alisema..."

"Mama yako Mungu amrehemu, lakini hakuwa akiongelea watani. Yule mtu alikutukana kila siku ya Mungu. Unadhani alikuwa akikuchukia?"

"Najua alikuwa akinipenda," Fidelis alisema.

"Wewe umejua kwa sababu alikutukana. Yeye angejuaje?"

Fidelis alifungua kinywa kumshukuru kwa maneno yake, kama ilivyo desturi yake. Badala yake kilianza kumpanda kitu kifuani, na kwa kuwa hakuwa mzoefu wa hasira, mwanzoni alidhani ni kiungulia. Akageuka. Ng'ambo, wanaume walikwisha liinua jeneza na sasa lilikuwa likielekezwa mlangoni.

Hapo Kivinje ikashuhudia jambo ambalo haijawahi kuliona: Mzee Fidelis Chilumba akikimbia. Akavuka njia na koti likipepea, akapenya katikati ya watu bila kumwambia hata mmoja samahani, akatanua mikono mlangoni.

"Nurdin!" alipiga ukelele. "We Nurdin mwana wa Mpili! Unakwenda wapi?"

Wabebaji wakasimama ghafla.

"Asubuhi unanitukana, jioni unanitukana, harusini kwangu unanikalia kiti! Leo unapita mbele yangu kimya, hata salamu hakuna? Nani kakulea wewe? Mtu mzima anaondoka bila kuaga! Mbuzi tu akitolewa zizini hulia, wewe umeshindwa hata kukohoa!"

Mtu mmoja nyuma akaguna kwa kicheko. Fidelis akamnyooshea kidole bila kumtazama na kuendelea.

"Mkaanga viatu! Nusu ya mji huu ni vibogoyo kwa ajili yako! Mlafi, ulikuwa unaonja pweza mpaka mteja anabakiziwa mikia, na pweza hana mkia! Huna adabu, Nurdin! Ulikuwa huna, na leo ndiyo umezidi!"

Sasa watu walikuwa hawajiwezi. Wabebaji walitetemeka mabega mpaka jeneza likayumba, na uani wanawake walisikika wakicheka na kulia kwa pumzi moja. Fidelis naye machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, wala hakuyafuta. Akalala chini kizingitini, chali, na suruali yake ya pasi mbili, juu ya mchanga wenye magamba ya samaki.

"Sitoki!"

"Bwana Fidelis," shehe alisema kwa upole, akiuma mdomo, "wakati wa sala unapita."

"Shehe, shikamoo, lakini utangoja! Namtaka mwizi huyu anirudishie kofia yangu!"

Kazija alikwisha ingia ndani. Alitoka na ile pama ya Jumapili, imekuwa nyeusi kwa moshi, ukingo umelegea kwa mafuta, inanuka pweza wa miaka yote ile. Alimtupia kifuani.

"Chukua, Mmwera mchafu!" alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza siku ile ikakatika.

Fidelis akainuka, akaivaa. Ilimfika masikioni. Akatangulia mbele ya jeneza akitembea mwendo wa Nurdin, mkono mmoja kiunoni, tumbo mbele, akiwakaripia watu wa njiani wapishe. Na waliomfahamu marehemu walisema kama si urefu wangeapa ni yeye. Msikitini alibaki nje chini ya ukuta, akingoja, kisha akafuatana nao hadi makaburini. Nurdin Mpili akazikwa kama mtu mwenye watu wake.

Jioni Fidelis alirudi peke yake. Dativa alikuwa amebaki na wafiwa, kuosha vyombo. Mchanga ulikuwa bado umemganda mgongoni, na ile kofia ilikuwa bado kichwani. Alisimama mlangoni kwake, mkono ukanyanyuka kuivua, ukasita, ukashuka.

"Hodi," alisema.

Ng'ambo ya njia, barazani, Kazija alikuwa amekaa peke yake kwenye kile kigoda cha kukaangia. Jiko lilikuwa baridi. Alinyanyua kichwa.

"Hakuna mtu!" akapaza sauti. "Rudi kwenu Milola!"

Fidelis alishika mlango. Ile asante yake ilimfika mdomoni, akaimeza.

"Sirudi!" alijibu. "Nikirudi nani atawafundisha kuoga, nuka-pweza nyie?"

Kazija alicheka kicheko kikubwa kile cha kwao, kikasikika mpaka kona ya mtaa, kisha katikati kikageuka kilio, akajifunika uso kwa kanga. Fidelis alisimama palepale, kofia kichwani, hakusema pole. Alingoja mpaka kilio kilipopungua. Ufunguo ulikuwa mkononi, lakini hakufungua.

Alibisha hodi tena, kwa sauti kubwa zaidi.