Magneto ya Kisiagi cha Mama

Injini ya mama yangu ilikuwa imenizidi umri, na kwa miaka mingi niliamini kwamba ilikuwa imenizidi hata kwa kupendwa. Ilikaa chini ya paa la mabati pale Gatwekera, mtaa wa mabanda Nairobi, imefungwa kwa boliti juu ya saruji, ikizungusha kisiagi cha mahindi kwa mkanda mrefu uliopita kwenye tundu la ukuta. Baba aliipata kwenye shamba moja kubwa upande wa Kitale, ambako kazi yake ilikuwa kuangalia pampu ya maji. Shamba lilipokatwakatwa viwanja, wenzake waliondoka na mabati na mbao, yeye akaondoka na injini. Aliileta Nairobi kwa lori, akafungua kisiagi, na alipofariki, mama akaendelea pale pale alipoachia.

Haikuwa na betri. Iliwashwa kwa petroli, ikishapata joto inahamishiwa mafuta ya taa, na cheche ya plagi ilitoka kwenye magneto, kidude kizito kama tofali kilichoshikwa ubavuni. Ndani yake mlikuwa na koili iliyozunguka katikati ya sumaku. Koili hiyo ilibeba waya mbili: nene ya ndani, na ya nje nyembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko, zote zikizunguka pamoja na kondensa na pointi, vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana ili kukata umeme, yaani ugonjwa wote umefungiwa chumba kimoja. Mvua ya Aprili ikianza tu, unyevu uliingia humo na injini ikanyamaza.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa fundi wa kufunga upya waya za mota kwenye karakana moja Kawangware, mwanamke peke yangu kati ya wanaume, na majirani wa mama walizoea kunitania kwamba nasuka mota. Kila mvua niliibeba ile magneto ndani ya leso, nikatembea nayo hadi barabara ya Ngong na kuvuka, nikaikausha, nikaifunga upya na kuirudisha. Sikulalamika sana. Nililalamika kiasi, maana nina mdomo, lakini safari zile nilizipenda kwa sababu zilinipeleka kwa mama.

Niseme ukweli wote. Nilikuwa nimetimiza miaka thelathini na minne, ndoa yangu ilikuwa imevunjika bila kelele, na sikuwa na mtoto. Jumapili baada ya kanisa nilikaa chini, mama akikalia kigoda nyuma yangu, akanipaka mafuta kichwani na kunisuka huku akinisema kwa kukonda. Nilijifanya naudhika. Wiki nzima nilikuwa nikiyangoja magoti yale mawili.

Basi mwaka mmoja magneto haikuugua tu, ilikufa. Nilipoifungua niliona waya imeungua ikawa masizi, na mhimili wa koili umepata ufa kutoka mwanzo hadi mwisho. Niliirudishia mfuniko kwa haraka, kana kwamba mama hakuwa amesimama pale pale akiangalia.

"Imekataa?" akaniuliza.

"Nitaona, mama."

"Hii ikikufa," alisema, akiipangusa injini kwa kitambaa, "hata mimi sijui nitakuwa nafanya nini huku."

Maneno hayo yaliniingia kama mwiba. Mimi nilisikia hivi: injini ikifa, mama anarudi nyumbani, kule magharibi, usiku mzima wa safari kutoka kwangu. Sikumwuliza kama ndivyo alivyomaanisha. Sisi kwetu mtu hamwulizi mama yake kama ataondoka, ni kama kumfukuza. Nilifunga magneto kwenye leso nikaondoka, na kabla sijafika mtaa wa jirani wa Ayany nilikuwa nimeshaapa kwamba injini ile itaunguruma hata kama itabidi nitengeneze magneto kwa mikono yangu.

Mkuu wetu wa karakana aliigeuza mara mbili kwenye kiganja. "Hii peleka makumbusho," akasema. "Spea zake ziliisha kabla uzaliwe."

"Basi nitaunda nyingine."

"Wewe mama uko na ujeuri."

Ninao, na siku ile ulinifaa. Nilikaa na karatasi za mfuko wa saruji nikachora, nikafuta, nikachora. Nilichogundua ni kwamba wale waliounda magneto ya zamani walitaka kila kitu kifanywe na chombo kimoja, na hilo ndilo lililokuwa likituua kila Aprili. Nikaamua kugawa kazi. Koili isizunguke, ikae tuli, na sumaku ndiyo izunguke. Koili yenyewe niifunge kwa waya nene tu, mizunguko michache ambayo hata mtoto wa shule angeihesabu. Na ule umeme mkali wa kurusha cheche utoke kwa koili ya gari, ile inayofanana na mkebe, iliyojaa kwa kila muuza vyuma vikuukuu Kawangware.

Sumaku niliitoa kwenye injini ya pikipiki iliyokufa, pamoja na gurudumu lake. Bamba la kushikia koili nililikata kwa msumeno na kulilainisha kwa tupa wakati wa chakula cha mchana, wenzangu wakila na kunicheka. Kwa ufahari wangu niliifunika yote kwa mfuniko wa aluminiamu niliofua kutoka sufuria, nikaubana kwa skrubu nne ndogo nzuri sana. Nilijiona mhandisi.

Mama aliutazama mfuniko ule kwa heshima. Kisha akachukua bisibisi, akasogeza macho karibu na skrubu, bisibisi ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza.

"Ni safi," akasema. "Lakini hii ikiharibika na wewe hauko?"

"Nitakuwa niko. Niko Kawangware tu hapo."

"Najua uko Kawangware. Nimeuliza kama hauko."

Niliudhika. Nilidhani ananisuta kwa kuchelewa kuja wiki iliyopita. Lakini siku tatu baadaye joto la injini na unyevu vilikuwa vimefungiwa chini ya mfuniko wangu mzuri, pointi zikashika kutu, na ikaonekana mama alikuwa na sababu ya kuuliza. Nikautoa mfuniko. Pointi nikazihamishia nje kabisa, kwenye mhimili mdogo ubavuni, mahali ambapo mtu aliyeketi kigodani anaziona bila kuinama. Badala ya skrubu nne, gurudumu la sumaku likashikwa na nati moja yenye masikio, ya kufungua kwa vidole.

"Na huu mkebe," mama akauliza, akigusa koili ya gari niliyoifunga ukutani, "hata kule nyumbani iko?"

"Penye kuna gari bovu, iko."

Alicheka kwa furaha mpaka nikashangaa. Niliona kama nimetoa mzaha mkubwa kuliko nilivyokusudia.

Kosa baya lilikuwa langu, na bado kifundo cha mkono hulikumbuka siku za baridi. Sumaku ilikuwa kwenye mhimili mkubwa, pointi kwenye mhimili mdogo, na vyote viwili lazima vipatane: pointi zifunguke pale pale umeme wa sumaku unapofika kilele, pistoni nayo ikiwa karibu kufika juu. Niliweka alama kwa rangi ya kucha, nikafungua gurudumu la sumaku kulisafisha, nikalirudisha nikiwa napiga domo na wateja. Nilipozungusha hendeli ya kuwashia, cheche ilikuja mapema na hendeli ikarudi nyuma na mkono wangu. Nilipiga kelele ambayo bila shaka ilifika hadi mtaa wa Sarang'ombe.

Mama aliukanda mkono wangu kwa maji ya moto na chumvi. Hakunipa pole. Alisema, "Wewe ndio umeitengeneza na imekugonga. Sasa mimi je?"

Nikaenda kuchonga ufunguo wa chuma, kijiti kidogo chenye bega upande mmoja, ili gurudumu liweze kuingia njia moja tu. Hata ukiwa kipofu, hata ukiwa unapiga domo, lisingeweza kukaa vibaya. Ilinichukua wiki mbili kupata kijiti kinachokaa bila kuchezacheza, kwa mkono mmoja uliovimba, na kila nilipotaka kukiacha niliiona nyumba ile ya Gatwekera imefungwa kufuli.

Kilichobaki ni mwanya wa pointi. Karakana tulipima kwa kipimo cha bamba nyembamba, na nilikuwa nimemletea mama bamba moja akalipoteza siku hiyo hiyo. Nilikuja na hasira zangu zote nikamkuta amechomeka kadi yake ya kanisa katikati ya pointi, ile ngumu wanayogonga muhuri ukitoa zaka. Alikuwa akiisogeza taratibu, mdomo umekaza.

"Mama, hiyo ni kadi ya kanisa!"

"Ikipita hivi kwa shida kidogo, inawaka. Nimejaribu mara nne. Wewe pima na chuma yako."

Nilipima. Havikupishana kwa chochote cha maana. Niliangalia vidole vile, vilivyokauka kwa unga na mafuta ya taa, nikajaa upendo. Nikamwambia tu aifunge kadi yake kwenye mfuko wa nailoni isichafuke.

Jumamosi moja asubuhi aliniita nikaja. Wanawake kama kumi walikuwa wamepanga madebe yao ya mahindi nje. Mama aliniambia nisimame mlangoni, mikono nyuma.

"Usiguse. Hata nikikosea, nyamaza."

Kwangu mimi kunyamaza ni kazi kubwa kuliko kufunga mota, lakini nilinyamaza. Alifungua nati kwa vidole, akatoa gurudumu la sumaku akaliweka kwenye gunia safi. Akatoa koili, akaipangusa, akaikagua waya yote kwa kidole kama anayetafuta chawa. Akang'arisha pointi. Akarudisha kila kitu, ufunguo ukaingia njia yake moja, akapima mwanya kwa kadi. Kisha akafungua petroli, akashika hendeli, akazungusha mara moja, mara mbili. Mara ya tatu injini ikakohoa, ikashika, na mabati yote yakaanza kutetemeka. Wanawake walipiga vigelegele. Mmoja akaniambia, "Sasa fundi ni mama yako, wewe tafuta kazi ingine."

Nililia waziwazi. Nilimshika mama mabega nikampigia kelele sikioni, "Sasa huendi popote!"

Aliniangalia. Akanishika mkono ule uliopona, akanitoa nje, upande ambao kelele ilikuwa ndogo.

"Mwanangu," akasema, "kwani umekuwa ukinitengenezea nini?"

"Ndio ukae."

"Kule nyumbani wamama wanatembea mpaka ng'ambo ya mto kusaga. Tangu baba yako atuache nimetaka nirudi na hii injini. Lakini nilijua ikikwama siku moja tu, itakuwa ya kuku kulalia. Fundi wangu alikuwa huku."

"Lakini ulisema ikifa hujui utafanya nini huku. Nikajua ikifa utaenda."

"Ikifa niende wapi?" Alishangaa kweli. "Nirudi mikono mitupu nikae kwa jikoni ya nani? Ikikufa ningebaki tu hapa niuze mboga, niwe karibu na wewe."

Nilikasirika, nisidanganye. Nilizikumbuka wiki zangu za tupa na msumeno, mkono wangu uliovimba, mfuniko wangu wa sufuria, na kwamba kila mara nilipofanya magneto iwe rahisi zaidi nilikuwa nafungua mlango kwa bega langu mwenyewe ili apite. Kama ningekuwa fundi mbovu, ningekuwa na mama. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya juu, mbele ya wenye debe.

Alinikumbatia, akanisubiri nimalize kulia, na mikono yake ilinuka petroli. Baadaye nilimwona jinsi alivyorudi kwenye injini, mgongo umenyooka, akaihamishia mafuta ya taa bila kunitazama kama amefanya sawa. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Alikuwa na haraka ya furaha, kama msichana anayefunga sanduku la kwenda kuolewa.

Alisema ataondoka mwisho wa mwezi, mvua ikikatika na lori likipatikana. Jumatatu nilirudi karakana nikaomba waya nene ya shaba, nikakaa chini kufunga koili ya pili, ya akiba. Mkuu wetu aliniuliza ni ya nani. Nikasema ni ya mama, anaenda nayo nyumbani. Niliifunga kwa uangalifu zaidi kuliko ya kwanza, kila mzunguko ukilala kando ya mwenzake, nikaipaka vanishi mara tatu na kuianika kila mara mpaka ikauke. Nilijua kwamba koili hiyo ikiungua atapanda basi arudi kunitafuta Kawangware, na ikidumu hatakuwa na haja yangu, nami niliifunga idumu.