Sikupita papa mukwe mu jeu ya mutuka

Benye mulishaoa, niko na swali. Lakini kwanza musikie.

Leo niko Mweso kwa wazazi ya fianse yangu, Furaha, mwenye nitaoa. Ngombe ya mahari tulishaleta.

Papa yake akanipatia manete ya kuendeshea jeu ya mutuka ku televizio, muchezo ya kugonga wengine ili upite, naye akashika yake.

Kwetu muntu hapite papa mukwe. Ata mu tele.

Papa anaendesha kama vile amebeba bidon ya maziwa. Kila viraje, penye barabara inapinda, anapunguza mwendo, anauliza klakson ya kupiga honi iko wapi. Mimi nyuma yake, pole pole.

Mutuka zingine zote zikatuacha. Tukafika ba mwisho.

Akafurahi. "Uko na adabu, mutoto yangu."

Halafu Furaha akachukua manete ya papa yake. Furaha huyu mwenye anaongozaka korale ya kuimba ku kanisa.

Akanigonga pa kuondoka tu. Akanisukuma mu mutoni. Nikarudi mu barabara, akanisukuma tena. Hakucheka. Hakukunja ata uso.

Swali yangu: hii ni jeu tu, ao?

Juu papa mukwe aliniangalia na huruma, akasema:

"Sasa umemuona. Lakini ngombe zilishazoea hapa."