Sahihi ya Akinyi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhariri Mkuu alinionyesha kompyuta yangu kisha akanionya: "Bwana, hapa kosa lina mwenyewe."

Lilikuwa jarida la wanawake hapa Kisumu, nami nilikuwa mpangaji kurasa, yaani mtu wa kuweka maneno na picha mahali pake. Kabla kurasa hazijaenda kwa mchapaji tulizichapa kwanza kwenye karatasi za kawaida, tukaziita prufu, na mtu mmoja alizitia sahihi. Kosa likionekana baadaye, mwenye sahihi alilisoma mbele ya wote Jumatatu asubuhi. Hakuna kusingizia mashine.

Akinyi aliingia kama karani wa mapokezi. Mhariri Mkuu alimkuta akisahihisha barua za wasomaji kwa penseli, akamhamishia kwetu. Akampa vichwa vya habari, kisha mahojiano, kisha mikutano na wenye matangazo. "Usijifiche nyuma yangu, nyathina," alimwambia kama mama kwa bintiye. "Keti mbele, wakuulize wewe."

Mhariri Mkuu alipokaribia kustaafu, alitaka Akinyi arithi nafasi yake. Mkurugenzi alitaka bwana fulani wa Nairobi. Wakakubaliana Akinyi atoe toleo moja peke yake, waone.

Toleo lilipotoka, mama mmoja alifika kutoka Usenge, kule ufuoni mwa ziwa, nakala mkononi. Tulikuwa tumemwonyesha kando ya mashua, tukaandika kwamba yeye ni mnunuzi wa samaki, na kijana aliye karibu naye ndiye mwenye mashua.

"Huyu kijana nimemwajiri mimi!" alisema. "Mashua ni zangu, zote tatu. Sasa kule wananicheka, 'Mama, tajiri wako ameamkaje?'"

Jumatatu Mkurugenzi naye alikuja. Akinyi alisimama, akasoma yale maelezo ya picha.

"Si kweli," alisema. "Mimi nimezaliwa ufuoni, lakini nilipoona mwanamke karibu na mashua nilidhani amekuja kununua. Sikumpigia simu. Sahihi ni yangu."

Maelezo yale niliyaandika mimi, kujaza nafasi iliyobaki chini ya picha. Nikasimama, nikasema hivyo.

"Mzee, keti," Akinyi alinijibu. "Wewe uliandika, mimi nilipitisha."

"Na sasa?" Mkurugenzi akauliza.

"Leo naenda Usenge. Toleo lijalo mama huyu atakuwa kwenye jalada, na nitamsomea kila neno kabla ya kutia sahihi."

Mkurugenzi alimgeukia Mhariri Mkuu. "Yule wa Nairobi nimwambie nini?"

"Mwambie nafasi ina mtu."

Nilifanya kazi chini ya Akinyi hadi nilipostaafu. Vijana wa kazi hii wakinitembelea nyumbani hapa Mamboleo, nawaambia kwamba kazi ya kupanga kurasa niliijua kabla yake. Lakini kumuuliza mtu kwanza ndipo nimwandike, hilo nilifundishwa na mwanamke niliyemzidi umri kwa miaka ishirini, nami nilimwita Mkubwa bila kuona haya.